Mikali Hakuzaa

Sara, Rebeka, Raheli, mke wa Manoa, Hana, Elisabeti. Mwanamke aliyeolewa akakaa bila kushika mimba, kama anasali kanisa lolote hapa kwetu, orodha hii anaijua kwa kichwa. Atasomewa jumuiyani, atasomewa kwenye semina ya akina mama, na shangazi atampigia simu saa nne usiku kumkumbusha. Sara alikuwa na miaka 90. Rebeka alisubiri miaka 20, maana Isaka alimwoa akiwa na miaka 40 na mapacha wakazaliwa baba yao akiwa na 60. Hana aliomba midomo ikicheza bila sauti hadi kuhani Eli akadhani amelewa. Wote walipata. Basi na wewe utapata, subira yavuta heri, usikate tamaa.

Mikali hatajwi. Ni binti wa mfalme Sauli, mke wa Daudi, yule aliyemteremsha mumewe dirishani usiku ili asiuawe na baba yake mwenyewe. Sura ya 6 ya kitabu cha pili cha Samweli inafungwa na mstari mfupi unaomhusu: hakuwa na mtoto hadi siku ya kufa kwake. Miaka yote niliyokalia viti vya plastiki vya semina sikuwahi kusikia mahubiri juu ya Mikali. Nilikutana naye mwenyewe, nikisoma bila kutafuta faraja yoyote, na nikampenda kuliko wale wengine wote.

Nimevuka miaka 40. Sina mtoto, na simsubiri. Naandika haya kwa sababu nimetulia, na kilichonituliza sicho ambacho watu hukitegemea. Hakukuwa na muujiza, sikulea mtoto wa ndugu, wala sikufika mahali nikasema namwachia Mungu. Nilitulia siku nilipokubali kwamba jambo hili halina maana yoyote. Halina mpango, si mtihani, halinifundishi kitu, wala halina wakati wake ulioandikwa mahali. Limetokea, basi.

Falsafa inayosema hivyo juu ya maisha yote huitwa nihilizimu, na watu wengi huitaja kama ugonjwa. Hata Friedrich Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani ambaye jina lake halitenganishwi nayo, aliiona kama hatari inayopaswa kushindwa. Mimi sikuifikia kwa kusoma vitabu. Niliifikia kwa kupitia duka la dawa.

Anayejua atanielewa. Unaanza kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi. Unazungushia kalenda siku za hatari, ambazo kwako ndizo siku za kazi. Unameza foliki asidi, halafu vidonge vya kupevusha mayai, unapata joto la ghafla katikati ya kikao cha ofisi na unajifanya umekohoa ili utoke nje. Siku zikikaribia unaanza kuukagua mwili: hili ziwa limeuma zaidi? Hii kichefuchefu ni ya kweli au ni ya dagaa wa jana? Unanunua kipimo duka la mbali, muuzaji asikujue. Unajifungia chooni alfajiri. Unapata mstari mmoja. Unakipeleka kile kijiti dirishani, unakigeuza, unakiinamisha kwenye mwanga, unawasha tochi ya simu, kwa sababu umewahi kusikia kwamba mstari wa pili unaweza kuwa umefifia sana. Unakitoa kwenye pipa la taka jioni ukiangalie tena. Kisha damu inakuja, unalia siku mbili, na siku ya tatu mtu anakutumia ujumbe: mwezi huu ndio wako.

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama tumaini kwa jicho lingine. Watu wanalisifu kwamba linambeba mtu. Mimi lilinikopesha kwa masharti ya kausha damu: kila mwezi nilipewa furaha ya wiki mbili, na kila mwezi nikailipa pamoja na riba, nikakopa tena kabla sijamaliza deni la nyuma. Damu yenyewe ilikuwa damu tu. Kilichoniua ni wiki mbili zile za kutumaini.

Nietzsche aliliona hili mwaka 1878. Kuna hadithi ya kale ya Wayunani juu ya Pandora, aliyefungua chombo na mabaya yote yakatoka yakasambaa duniani, likabaki moja tu ndani: tumaini. Wengi huisimulia kana kwamba tumaini ndilo tulilobakiziwa kwa huruma. Nietzsche akauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: kama kile kilikuwa chombo cha mabaya, tumaini lilikuwa linafanya nini mle? Akajibu kwamba ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linarefusha mateso ya binadamu. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Lakini tumaini lilikuwa nusu tu ya mzigo. Nusu nyingine ilikuwa sababu.

Tulipima kila kitu, mimi na mume wangu wote wawili. Nalisema hili kwa msisitizo, maana nusu ya matatizo haya, au karibu na hapo, yanahusisha upande wa mwanaume, na bado anayepelekwa hospitali ni mke peke yake. Mbegu zake zilikuwa sawa. Homoni zangu zilikuwa sawa. Nilipigwa picha ya mirija, ile wanayosukuma dawa kupitia mlango wa kizazi huku wewe umelala juu ya meza ya baridi ya eksirei. Maumivu yake siyasimulii, ila majibu yalisema mirija iko wazi. Hakukuwa na uvimbe. Daktari alifunga faili akasema, "Mama, hatuoni tatizo. Endeleeni kujaribu."

Wapo wenzi wengi wa namna yetu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupata tatizo la kushika au kutia mimba katika maisha yake, na sehemu isiyo ndogo ya wenzi hao hupimwa hadi mwisho bila sababu kuonekana. Mwili unafanya yake bila kutoa maelezo.

Ila ukimwambia mtu hapa mtaani kwamba sababu haijulikani, hakubali. Sababu lazima iwepo. Mganga wa kwanza alisema ni chango. Wa pili alisema jini mahaba, kwamba nimeolewa na mwingine nisiyemwona na ana wivu. Kwenye maombi niliambiwa ni laana ya ukoo wa mama yangu, nikatakiwa niitaje majina ya bibi zangu ili zifungwe roho zao. Wifi yangu mmoja alifika mbali zaidi. Alinikalisha jikoni, akashusha sauti, akaniuliza kwa upole kabisa kama niliwahi kutoa mimba nikiwa shule. Sikuwahi. Lakini usiku ule sikulala, nilipitia ujana wangu wote, mvulana mmoja baada ya mwingine, dhambi moja baada ya nyingine, nikitafuta ni ipi hasa iliyoniletea haya. Nilipata nyingi. Mtu yeyote akijipekua usiku kucha atapata.

Hivi ndivyo maana inavyofanya kazi. Ukisema "Mungu ana makusudi yake," unadhani unanifariji, kumbe umenifungulia kesi. Kama kuna makusudi, basi kuna aliyekusudia. Kama kuna aliyekusudia, basi ameniangalia mimi na jirani yangu anayejaza watoto kila mwaka, akaamua. Kwa nini aliamua hivyo? Ama nimekosa, ama napimwa, ama naandaliwa kwa jambo. Yote matatu yananiweka kizimbani. Katika ulimwengu usio na makusudi, hakuna kizimba. Hakuna hakimu, hakuna mashtaka, na msichana wa miaka 19 niliyekuwa nikimpekua usiku anaweza kuachwa alale.

Hiyo ndiyo faraja ninayoizungumzia. Watu huwaza kwamba mtu asiyeona maana katika dunia lazima aishi kwenye baridi. Mimi nilipata joto. Nilijisamehe bila kuwa na la kusamehewa, kwa sababu kesi yenyewe ilifutwa.

Tena wazo hili si la kuletwa na meli kutoka Ulaya. Kwenye Biblia hiyohiyo ya Sara na Hana kuna Ayubu, aliyekalia majivu akiwa na majipu mwili mzima, na marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wakaja kumfariji kwa kumtafutia sababu. Sura baada ya sura wanamwambia: hakuna aangamiaye bila kosa, jichunguze. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wale watatu. Kuna Mhubiri naye, anayesema yote ni ubatili mtupu, kwamba mwema na mwovu hupatwa na tukio moja, na kwamba wakati na bahati huwapata wote. Nilikua nikisikia maneno hayo yakisomwa msibani. Sikuwahi kuyasikia yakisomwa kwa mwanamke anayetafuta mtoto, na sijui ni kwa nini, maana yangemfaa zaidi ya habari za Sara.

Pwani, takriban miaka 200 iliyopita, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliandika utenzi wa Al-Inkishafi akitazama Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, ulivyoanguka. Matajiri waliotembea kwa maringo wako chini ya udongo. Nyumba zilizowaka taa usiku kucha zimebaki tupu, makinda ya popo yananing'inia juu, buibui wametanda, na kwenye madaka ya ukuta yaliyopangwa vyombo vya kauri sasa wanalala makinda ya ndege. Najua alikokuwa anaelekea: aliuonya moyo wake uache dunia umgeukie Mola, na sitaki kumfanya asiyekuwa. Lakini kabla hajafika huko alisimama mbele ya magofu akayataja yalivyo, chumba kwa chumba, bila kumwambia msomaji kwamba Pate itajengwa upya. Mimi huishia hapo naye, nikashukuru.

Halafu yupo wa kwetu huku ziwani, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Mtu akitaka kujua Kiswahili kilivyouvaa udhanaishi, yaani falsafa ya mtu aliyeachwa ajitafutie maana mwenyewe, aanze na riwaya yake ya Kichwamaji ya mwaka 1974. Kazimoto, kijana msomi wa chuo kikuu, anarudi kijijini asiweze kushikamana na chochote, si elimu, si dini, si mila, na mwishoni anajiua. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa binti, nikaona imeandikwa kunitisha. Nimeirudia nikiwa mtu mzima, katika ile miaka mibaya, nikamwona Kazimoto kwa namna nyingine. Kwa usomaji wangu, kutoamini siko kulikommaliza. Aliendelea kuidai dunia maana ambayo alishajua haina, na hakuweza kuisamehe kwa kutokuwa nayo. Alikata tamaa huku bado anatamani. Mwandishi wake aliishi, akafundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana, akaandika mashairi hadi uzeeni, akafariki Januari 2020.

Tofauti hiyo naiweka wazi kwa sababu ninajua nani anaweza kuwa anasoma. Kuacha kutumaini ninakokusema hakufanani na kutaka kufa. Nimeyajua yote mawili. Kutaka kufa kulinijia wakati natumaini kwa nguvu zote, mwezi fulani baada ya damu, na kulikuwa ugonjwa. Nilimwambia mume wangu, nikapelekwa kwa daktari, nikatibiwa. Kama uko hapo sasa hivi, achana na falsafa yangu kwanza, mwambie mtu leo. Haya mengine yanasubiri.

Siku ya kuacha haikuwa na tangazo. Nilikuwa dukani, nikapita kwenye rafu ya vipimo, nikagundua nimepita. Mwezi uliofuata sikuzungushia kalenda. Mume wangu aliona, hakuuliza, jioni moja tukiwa tunamenya viazi akasema tu, "Umeacha?" Nikasema nimeacha. Akasema, "Mimi niliacha zamani, niliogopa kukuambia." Tukaendelea kumenya.

Aliyenitia hofu zaidi alikuwa mama mkwe. Yeye hutoka kijijini mara kwa mara na safari ile, kama nyingine zote, alikuja na kifurushi cha mizizi kilichofungwa kwenye kitambaa cha khanga. Nilimwamkia, nikamtengea uji, na alipokitoa kile kifurushi nikapiga magoti, nikamshika mikono.

"Mayu, nakushukuru. Lakini mimi nimeacha kutafuta."

Alinitazama muda mrefu. "Umemkasirikia Mungu, mwanangu?"

"Hapana, mayu. Sina hasira na mtu. Naona tu haikutokea, na haina sababu."

Nilitegemea machozi, au ukali. Alikirudisha kile kifurushi kwenye mkoba, akanywa uji hadi ukaisha. Ndipo akaniambia habari ambayo mwanawe mwenyewe hakuwa ameisikia kwa ukamilifu: kabla ya mume wangu alizaa watoto watatu, na wote watatu aliwazika kabla hawajatembea. Alipelekwa kwa waganga, akanyolewa, akabadilishiwa jina, akatafutiwa mchawi, na mchawi akapatikana, mama mmoja mjane jirani yao, akahamishwa kijiji. "Yule mama hakuwa amefanya kitu," alisema. "Nilijua hata siku ile. Watoto walikufa tu." Akanyamaza, kisha akaongeza kwamba angekuwa na mtu wa kumwambia kwamba walikufa tu, labda yule mjane angebaki kwenye nyumba yake.

Nimelifikiria neno hilo kuliko jambo lolote nililosoma kwa mwanafalsafa. Tunasema kukosa maana kunamfanya mtu awe katili. Katika ukoo wetu, kutafuta maana ndiko kulikomtoa mwanamke asiye na hatia nyumbani kwake.

Wapo wanaoniuliza, sasa unaishi kwa ajili ya nini? Swali linadhani kwamba kuishi kunahitaji kibali. Naamka, napenda kazi yangu ya kusahihisha vitabu, napenda samaki sato aliyekaangwa akakauka mgongo, nampenda huyu mwanaume. Jumapili nakwenda kanisani na mama yangu mzazi kwa kuwa anapenda niwe pembeni yake, na naimba, kwa sababu nyimbo ni nzuri. Hakuna kati ya hivi kinachonipeleka popote. Zamani kila kitu kilikuwa cha kupitia: nyumba hii mpaka mtoto aje, kazi hii mpaka mtoto aje, hata chumba kimoja tulikiacha bila samani. Sasa kina meza yangu ya kazi na kabati la vitabu, na asubuhi jua linaingia vizuri sana.

Simwambii kila mtu aishi hivi. Kuna anayetumaini na tumaini lake linamwendesha vizuri, analala, anacheka, anapata mtoto au hapati na bado yuko mzima. Huyo sina neno naye. Naongea na yule ambaye tumaini limemgeuka, na kila anayempenda anamwongezea dozi ya kilekile kinachomuumiza, kwa nia njema kabisa. Kwa huyo nataka kuwepo na angalau sauti moja inayosema kwamba kuna mlango mwingine na kwamba upande wa pili kuna watu wazima wanakula na kulala. Ukifika huku hutakuta shimo.

Mdogo wangu wa kike ameolewa mwaka wa nne sasa na ameanza kuhesabu siku. Wiki iliyopita alinipigia, sauti yake naijua, ilikuwa ya siku ya tatu baada ya damu. Akaniuliza, "Dada, utaniombea?" Nilimjibu kwamba sitamwombea, na sitamwambia kwamba atapata wala kwamba hatapata. Nikamuuliza kama mumewe ameshapima. Bado. Nikamuuliza kama amepiga picha ya mirija. Anaogopa maumivu. Nikamwambia yanauma kweli, anywe dawa ya kutuliza maumivu kabla kama daktari atakavyomwelekeza, na nitakuwa nje ya mlango nimemshikia mkoba. Alikaa kimya, nikamsikia anapumua, kisha akaanza kuniuliza maswali ya kawaida, nauli, kadi ya bima, avae gauni au sketi. Tumepanga Jumanne. Mumewe naye anakuja, nimewaambia wafike saa moja asubuhi kabla foleni haijawa ndefu.